Nani Ana Pauni Ngapi: Hesabu Zinazowaendesha Wahusika wa Pride and Prejudice

Katika sura ya kwanza ya Pride and Prejudice, riwaya ya Jane Austen, msomaji anaambiwa kipato cha kijana Bingley kabla hajaambiwa kama ni mrefu au mfupi, mpole au mkali: pauni 4,000 au 5,000 kwa mwaka. Katika sura ya tatu anaingia rafiki yake Darcy kwenye dansi ya mji mdogo wa Meryton, na dakika 5 hazijaisha ukumbi mzima umeshapashana habari kwamba huyu mgeni wa pili ana 10,000. Jane Austen hakuziweka tarakimu hizo kwa kujaza ukurasa. Wasomaji wake wa mwaka 1813 walijua pauni 1,000 zinaweza nini na zinashindwa wapi. Walipotajiwa kipato cha mtu walimwelewa papo hapo, kama sisi tunavyomwelewa mtu tukiambiwa anaishi mtaa gani.

Wengi wetu leo tunaziruka tarakimu hizo na kukimbilia mapenzi. Tukishaziruka, wahusika wanatupotea. Mama anayehangaika kuwaozesha binti zake anaonekana hana akili. Baba anayejifungia maktaba na kutania kila jambo anaonekana mwenye hekima. Charlotte Lucas, jirani anayekubali kuolewa bila mapenzi, anaonekana amejiuza. Mimi naamini hukumu zote tatu ni za haraka mno, na zinapinduka mara tu unapojua fedha ya kila mmoja inatoka wapi, iko chini ya mkono wa nani, na itakoma siku gani.

Shamba ambalo binti hawezi kulirithi

Familia ya Bennet inaishi Longbourn, katika jimbo la Hertfordshire, kaskazini mwa London. Mali hiyo inaingiza pauni 2,000 kwa mwaka. Bwana Bennet halimi. Ardhi inakodishwa kwa wakulima, wao wanalipa kodi, na kodi hiyo ndiyo inayomlisha yeye na nyumba yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa alama ya muungwana katika Uingereza ya wakati huo: kuishi kwa ardhi, bila kuuza dukani wala kushika jembe. Kwa pauni 2,000 wanamudu gari la farasi, watumishi, na mpishi mzuri, kiasi kwamba Bi Bennet anajisifu mbele ya mgeni kuwa binti zake hawana shughuli yoyote jikoni.

Fundo liko kwenye hati. Longbourn imefungwa kisheria ili ipite kwa wanaume peke yao. Anayeishikilia kwa wakati wake anakula mapato yake mpaka anapokufa, lakini hawezi kuiuza wala kumwandikia wosia amtakaye. Kwa hiyo Bwana Bennet hamiliki Longbourn kwa maana tunayoizoea. Amepewa aitumie maisha yake yote, basi. Ana binti watano, Jane, Elizabeth, Mary, Kitty na Lydia, na hana mtoto wa kiume hata mmoja. Siku atakapofariki, nyumba na mashamba vitakwenda kwa Bwana Collins, ndugu wa mbali ambaye wasichana hao hawajawahi hata kumwona.

Msomaji wa mwambao aliyezoea mirathi ya Kiislamu atashangaa, kwa sababu huko binti ana fungu lake linalojulikana, na binti wawili au zaidi wasio na kaka hugawana theluthi mbili za mali ya baba yao. Msomaji anayetoka sehemu za bara ambako shamba la ukoo hufuata upande wa wanaume ataelewa haraka zaidi. Hata hivyo tusidhani kwamba Uingereza nzima ilifanya hivyo. Lady Catherine de Bourgh, bibi mkubwa wa Rosings huko Kent, anamwambia Elizabeth waziwazi kwamba haoni sababu ya kuwafungia wanawake urithi, na kwamba katika ukoo wa marehemu mumewe jambo hilo halikuonekana la lazima. Binti yake Anne atairithi Rosings yote. Kwa hiyo kinachowatesa akina Bennet ni hati iliyoandikwa na watu wa ukoo wao wenyewe vizazi vya nyuma, na ukoo mwingine wenye mali kubwa zaidi uliishi vizuri bila hati kama hiyo.

Kulikuwa na mlango wa kutokea. Kama Bwana Bennet angepata mtoto wa kiume, kijana huyo akifikisha miaka 21 angeungana na baba yake kisheria na kukikata kifungo hicho, na hapo mjane na mabinti wangetengewa mafungu yao. Bwana Bennet aliuwekea mlango huo matumaini yote. Walizaliwa binti watano, mmoja baada ya mwingine. Hata baada ya Lydia, mama aliendelea kutumaini kwa miaka mingi, mpaka alipokata tamaa.

Je, wasichana wana nini cha kwao? Mkataba wa ndoa ya wazazi wao uliweka kando pauni 5,000 kwa ajili ya mama na watoto. Collins, anapomposa Elizabeth, anamkumbusha kwa adabu zake za ajabu kwamba atakachoambulia ni pauni 1,000 zilizo kwenye hatifungani za serikali za asilimia 4, tena baada ya mama yake kufa. Piga hesabu: pauni 1,000 kwa asilimia 4 ni pauni 40 kwa mwaka. Na mama akiwa mjane na mabinti hawajaolewa, zile 5,000 zote kwa pamoja zinazaa pauni 200. Kutoka 2,000 hadi 200 kwa kifo cha mtu mmoja, na wakati huohuo wanawake sita wanatakiwa wahame nyumba.

Mama anayechekwa na baba anayechekesha

Sasa mrudie Bi Bennet. Ni kweli ana kelele, hana busara mbele za watu, anaugua mishipa ya fahamu kila akikosa alitakalo, na mdomo wake unamharibia Jane, anayependwa na Bingley, karibu kila kitu siku ya dansi ya Netherfield, nyumba aliyoikodi Bingley. Austen hamfichi. Lakini katika nyumba ile yeye peke yake ndiye anayeliangalia shimo lililo mbele yao kila siku anapoamka. Binti zake hawakusomeshwa kazi. Katika tabaka lao mwanamke asiye na fedha alikuwa na njia chache: kuolewa, kuwa mwalimu wa watoto katika nyumba za watu, au kuhamahama kwa ndugu akila kwa hisani. Anapomwona Bingley na kufikiria ndoa kabla ya kufikiria tabia, anafanya hesabu ambayo mumewe amekataa kuifanya.

Mumewe ndiye mtu ninayemlaumu zaidi. Riwaya inatupa ushahidi wote, ila inautoa pole pole, na sehemu kubwa inakuja baada ya Lydia kutoroka, wakati baba mwenyewe anatamani angalikuwa na akiba. Wameoana miaka 23. Kama angaliweka kando pauni 200 tu kila mwaka, sehemu moja ya kumi ya kipato chake, leo angekuwa na pauni 4,600 bila hata kuhesabu riba, na fungu la binti zake lingekaribia mara mbili. Hakuweka. Mwanzoni aliona hakuna haja kwa sababu mtoto wa kiume angekuja. Alipokata tamaa ya mtoto wa kiume, aliona muda umepita. Bi Bennet naye hakujua kubana matumizi, na mumewe alijitahidi tu wasiingie kwenye madeni. Lakini yeye ndiye aliyekuwa na elimu, madaraka na funguo za sanduku.

Ndiyo maana ile kauli yake maarufu inaniuma kuliko inavyonichekesha. Elizabeth amemkataa Collins. Mama anamkimbilia mumewe amlazimishe binti. Bwana Bennet anamwambia Elizabeth kwamba ana uamuzi mgumu mbele yake: mama yake hatamwona tena asipoolewa na Collins, na yeye baba yake hatamwona tena akiolewa naye. Ni mstari mtamu, na moyo wangu uko na Elizabeth kabisa. Lakini angalia nani atalipa gharama ya mzaha ule. Collins alikuwa amekuja Longbourn kwa nia ya kufidia: kwa kuwa yeye ndiye atakayeirithi nyumba, angemwoa mmoja wa mabinti ili mama na wadogo zake wabaki na pa kuishi. Ombi lile lilikuwa bima ya wanawake sita. Baba analikataa akicheka, kwa sababu siku ya kuhama yeye hatakuwepo.

Elizabeth naye anajua. Ana miaka 20, ana akili nyepesi na macho makali, na hajidanganyi kuhusu zile pauni 40. Wasomaji wengi husema ni jasiri kwa sababu anajibizana na wakubwa. Mimi naona ujasiri wake mkubwa uko pale anapokataa usalama mara mbili. Mara ya kwanza anakataa nyumba yake mwenyewe, mikononi mwa Collins. Mara ya pili anakataa pauni 10,000 kwa mwaka, mikononi mwa Darcy.

Fedha ya ardhi na fedha ya biashara

Turudi kwa Bingley. Marehemu baba yake alimwachia karibu pauni 100,000. Ziwekeze kwa asilimia 4, unapata 4,000 kwa mwaka. Ziwekeze kwa asilimia 5, unapata 5,000. Uvumi wa Bi Bennet ulikuwa sahihi hadi kwenye kiwango cha riba. Kijana huyu ana fedha nyingi lakini hana ardhi. Netherfield ameikodi tu. Baba yake alikusudia kununua mali ya ardhi, akafa kabla ya kutimiza. Kwa maneno mengine, familia ya Bingley iko katikati ya safari: imetoka kwenye biashara huko kaskazini mwa Uingereza, na haijafika kwenye uungwana wa ardhi.

Mtu anayeijua zaidi safari hiyo ni dada yake, Caroline Bingley, na kuijua kwake kunamfanya mkali. Yeye na dada yao, Bi Hurst, wana pauni 20,000 kila mmoja. Austen anasema wamekumbuka vizuri kwamba wametoka familia yenye heshima huko kaskazini, na hawakumbuki vizuri hivyo kwamba utajiri wao na wa kaka yao ulipatikana kwa biashara. Caroline anawacheka akina Bennet kwa sababu mjomba wao, Bwana Gardiner, ni mfanyabiashara anayeishi Gracechurch Street, jirani na Cheapside, katikati ya maghala na maduka ya London. Anawacheka kwa kazi ileile iliyomlea yeye. Bingley anajibu kwamba hata kama wangekuwa na wajomba wa kuijaza Cheapside yote, wasichana hawapungukiwi uzuri wa tabia. Darcy anasema hilo litawapunguzia nafasi ya kuolewa na wanaume wa hadhi. Hapo wote wawili wanasema kweli, kila mmoja kuhusu jambo lake.

Watu wa kipindi kile hawakuona matajiri kama kundi moja. Ardhi ya vizazi ilikuwa juu ya fedha ya juzi, hata fedha ya juzi ikiwa nyingi zaidi. Sir William Lucas, jirani wa akina Bennet, alifanya biashara Meryton, akawa meya, akamsomea mfalme hotuba na kupewa cheo cha Sir. Tangu siku ile akaliona duka linamtia aibu. Akaliacha, akahamia nyumba iliyo nje ya mji, akaipa jina Lucas Lodge. Alipata heshima na kupoteza kipato, na gharama yake iliangukia watoto, hasa binti yake mkubwa, Charlotte. Bi Bennet mwenyewe ni binti wa wakili wa mji mdogo aliyemwachia pauni 4,000, na dada yake ameolewa na karani wa baba yao. Uzuri wa sura ndio uliompandisha hadi Longbourn. Ukijua hivyo, unaelewa kwa nini anaamini kwa dhati kwamba uzuri wa Jane unaweza kumpandisha zaidi. Yeye mwenyewe ni ushahidi.

Charlotte

Charlotte Lucas ana miaka 27, hana sura ya kuvuta macho na hana fedha. Collins anamposa Elizabeth, anakataliwa, na kabla siku tatu hazijaisha ameshamposa Charlotte na kukubaliwa. Elizabeth anashtuka kiasi cha kukosa adabu. Charlotte anamjibu kwa utulivu kwamba yeye si mtu wa mapenzi ya vitabuni, hajawahi kuwa hivyo, na anachotaka ni nyumba ya kuishi kwa raha.

Tuhesabu alichopata. Collins ni kasisi wa Hunsford. Parokia ile alipewa na Lady Catherine, kwa kuwa wakati huo haki ya kumteua kasisi iliweza kuwa mali ya mwenye ardhi, na kasisi akishapewa parokia, kipato chake ni cha maisha. Kwa hiyo kuna nyumba nzuri leo na Longbourn kesho. Mama yake Charlotte anaanza palepale kukadiria Bwana Bennet amebakiza miaka mingapi ya kuishi. Kaka zake wanashusha pumzi, maana walikuwa wanaogopa dada yao atazeekea nyumbani na kuwa mzigo wao. Katika familia nzima hakuna anayeuliza kama Collins anaweza kuzungumza naye jioni. Charlotte amejiuliza mwenyewe na amejijibu. Elizabeth anapomtembelea Hunsford anakuta rafiki yake amechagua kwa matumizi yake chumba cha nyuma kisicho na mandhari nzuri. Angalichagua cha mbele, chenye dirisha la kutazama barabara, mumewe angekuwa humo kutwa. Tena anamhimiza mumewe alime bustani, kwa afya yake.

Mimi siwezi kumwita Charlotte msaliti. Jane Austen mwenyewe aliposwa Desemba 1802, wiki 2 kabla ya kutimiza miaka 27, na Harris Bigg-Wither, mrithi wa Manydown Park huko Hampshire. Usiku alikubali. Asubuhi iliyofuata alirudisha neno lake. Baba yake alipofariki mwaka 1805, yeye, dada yake na mama yao waliishi kwa sehemu kubwa kwa michango ya kaka zake, hadi mwaka 1809 walipopata nyumba Chawton kwa Edward, kaka yake aliyechukuliwa na jamaa matajiri akawa mrithi wao. Mtu aliyechagua njia ya Elizabeth na kuishi na matokeo yake ndiye aliyemwandika Charlotte, na hakumwandika kwa dharau. Riwaya yenyewe aliiuza kwa pauni 110 ingawa alitaka 150, ikachapishwa bila jina lake.

Wanaume wasio na kitu

Sheria ya Uingereza ya wakati ule ilimfanya mke na mume kuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mume. Fedha taslimu za mke zilikuwa za mumewe tangu siku ya ndoa, isipokuwa zile zilizolindwa kwa mkataba maalumu. Sheria za kumpa mke haki ya mali yake zilikuja mwaka 1870 na 1882, vizazi viwili baadaye. Ukilijua hilo, unamwelewa George Wickham vizuri zaidi kuliko Elizabeth anavyomwelewa katika nusu ya kwanza ya kitabu.

Wickham ni mtoto wa msimamizi wa mali ya baba yake Darcy. Alilelewa Pemberley, makao ya akina Darcy huko Derbyshire, akasomeshwa, akapewa ladha ya maisha ya kitajiri bila njia ya kuyalipia. Mzee Darcy alimwachia pauni 1,000 na ahadi ya parokia. Wickham akaikataa parokia akalipwa pauni 3,000 badala yake, akazimaliza, kisha akarudi kudai parokia ileile. Aliponyimwa akamwendea Georgiana, dada yake Darcy, huko Ramsgate. Msichana alikuwa na miaka 15 na pauni 30,000. Angefanikiwa kutoroka naye, fedha hizo zingekuwa ndiyo malipo yake. Baadaye, akiwa afisa wa mgambo Meryton, anamwacha Elizabeth na kumfuata Miss King mara tu msichana huyo anaporithi 10,000. Elizabeth anamsamehe kwa hilo, huku akiwa amemhukumu Charlotte kwa jambo linalofanana. Austen anatuachia tuione tofauti hiyo wenyewe.

Hata mwanaume mwema anabanwa. Kanali Fitzwilliam, binamu yake Darcy, ni mtoto wa lodi, lakini ni mtoto wa pili. Ardhi yote inakwenda kwa kaka yake mkubwa. Anampenda Elizabeth kwa namna fulani, na anamwambia kwa upole kwamba watoto wa pili hawawezi kuoa wanakotaka. Elizabeth anamtania akiuliza bei ya mtoto wa pili wa lodi ni kiasi gani, akitaja pauni 50,000. Wanacheka, ila ujumbe umefika.

Kisha Lydia, mwenye miaka 16, anatoroka Brighton na Wickham. Tangu sheria ya ndoa ya mwaka 1753, aliye chini ya miaka 21 alihitaji ridhaa ya mzazi, na ndiyo maana wapenzi walikimbilia Gretna Green, Scotland, ambako sheria hiyo haikufika. Hofu inakuwa kubwa pale inapogundulika kwamba hawakwenda Scotland. Wamejificha London bila ndoa. Kwa msomaji wa leo hii ni aibu ya binti mmoja. Kwa akina Bennet ni aibu ya wote watano, kwa sababu wasichana wasio na fedha walikuwa na jina jema tu la kupeleka sokoni. Collins anaandika barua ya kusema kifo cha Lydia kingekuwa afadhali.

Ndoa inapatikana kwa fedha. Kwenye karatasi, Bwana Bennet anatakiwa kumhakikishia Lydia fungu lake la zile 5,000 na kumpa pauni 100 kwa mwaka. Anapiga hesabu na kugundua kwamba hata pauni 10 hazipotezi, kwa kuwa Lydia alikuwa akimgharimu karibu kiasi hicho nyumbani. Akili zake zinamwambia kuna mtu amelipa, maana Wickham hawezi kukubali chini ya pauni 10,000. Aliyelipa ni Darcy: madeni ya Wickham yaliyozidi sana pauni 1,000, pauni nyingine 1,000 zilizowekwa kwa jina la Lydia, na cheo cha afisa katika jeshi la kudumu, ambacho wakati ule kilinunuliwa. Amemlipa mtu aliyetaka kumwibia dada yake.

Darcy na Pemberley

Swali linaloulizwa kila mara ni kama Elizabeth alimpenda Darcy au alipenda nyumba yake. Yeye mwenyewe anamtania Jane kwamba mapenzi yalianza siku alipoyaona mazingira ya Pemberley. Utani ule una ukweli ndani yake, na ukweli huo hauna ubaya.

Ombi la kwanza, kule Hunsford, Darcy analitoa kama mtu anayeteremka ngazi. Anasema anampenda, kisha anaeleza kwa kirefu jinsi ndugu zake Elizabeth wanavyomshusha hadhi. Ana uhakika atakubaliwa. Kwa hesabu za dunia ile uhakika wake una msingi: binti wa pauni 40 anaombwa na mwenye 10,000, kiasi ambacho kingehitaji mtaji wa pauni 250,000 kuzalishwa kwa riba ya asilimia 4. Elizabeth anakataa, na anamwambia hakuna namna yoyote angeweza kumposa ambayo ingemshawishi. Fedha yote ile haikumnunulia Darcy hata jibu la heshima.

Kinachobadilika Pemberley ni kwamba Elizabeth anaona fedha ikifanya kazi. Msimamizi wa nyumba, Bi Reynolds, amemjua Darcy tangu akiwa na miaka 4, na anasema hajawahi kusikia neno kali kutoka kwake. Anamsifu kuwa mwenye shamba bora na bwana bora kwa watumishi. Elizabeth anasimama mbele ya picha yake akifikiria ni watu wangapi, akiwa kaka, mwenye shamba na bwana wa nyumba, furaha yao iko mikononi mwake. Mtumishi ni shahidi ambaye tajiri hawezi kumdanganya kwa miaka 20 na zaidi. Ndipo Elizabeth anaanza kuwalinganisha, bila kusema, wenye ardhi wawili anaowajua: huyu anayewabeba wanaomtegemea, na baba yake aliyewaacha watu wa nyumba yake wabahatishe.

Lady Catherine, ambaye ni dada wa mama yake Darcy, anapokuja Longbourn kumkataza asiolewe na Darcy, aliyekusudiwa Anne ili mali mbili ziungane, Elizabeth anamjibu kwamba Darcy ni muungwana na yeye ni binti wa muungwana, hivyo hapo wako sawa. Kwa kanuni za tabaka lao ana haki kabisa, kwa sababu hadhi ilifuata upande wa baba. Lady Catherine anageukia upande wa mama na wajomba, mahali pekee pa kumpiga. Na wajomba hao ndio Austen anaowapa aya ya mwisho ya kitabu: Bwana na Bi Gardiner, watu wa Cheapside, wanakuwa wageni wapendwa wa Pemberley. Bingley naye, baada ya mwaka mmoja Netherfield, ananunua mali ya ardhi katika jimbo linalopakana na Derbyshire, na safari ya baba yake inakamilika.

Longbourn, hata hivyo, hakuna aliyeikomboa. Pauni 10,000 za Darcy hazikati ile hati. Mary bado yuko nyumbani na mama yake, na siku Bwana Bennet atakapofariki watategemea nyumba za Jane na Elizabeth. Collins ataingia na Charlotte. Barua yake ya mwisho inadokeza kwamba Charlotte ana mimba. Akizaliwa wa kiume, ndiye mrithi anayefuata. Wakizaliwa wa kike watupu, Charlotte ataketi pale alipoketi Bi Bennet, akizipiga hesabu zilezile.